Majivu kwenye Kioo cha Mbele

Kwanza naomba mnisamehe kwa herufi nitakazokosea na kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua tangu nimalize vyombo vya mchana mpaka ng'ombe wanarudi. Neno nisilolijua vizuri nalizunguka, natumia lingine. Lakini jambo hili nataka kuliandika kwa mkono wangu, kwa sababu lilipotokea nilikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Tunaishi Itiryo, mama, kaka yangu na mimi. Kaka amenizidi miaka saba. Alipata leseni ya udereva, lakini leseni bila gari ni karatasi tu. Kwa miaka mitatu aliosha magari ya wenzake stendi ya Tarime, na akiwa na bahati alikalia usukani wakati dereva anakula. Halafu mama mmoja wa mjini, nesi aliyestaafu, akampa gari lake dogo jeupe, yale ambayo huku tunayaita mchomoko, abebe abiria kati ya mjini na vijiji vyetu. Alimwambia wazi kwamba ni majaribio ya mwezi mmoja. Dereva aliyemtangulia aliwahi kurudisha gari likiwa na taa ya nyuma iliyopasuka, akanyang'anywa ufunguo siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Kaka alikuwepo, aliona kwa macho yake.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule, yule mama alimruhusu kwa mara ya kwanza alale nyumbani na gari. Alimpa sharti moja: Jumapili saa kumi na mbili jioni liwe limerudi kwake, safi, kama lilivyotoka. Akiridhika, kazi itakuwa ya kaka. Asiporidhika, kaka atarudi kwenye ndoo na sabuni.

Gari lilipoingia uani kwetu mama alilizunguka mara mbili, kisha akaingia ndani kupika kuku. Kaka aliliegesha karibu na zizi, mahali tambarare.

Kwetu mgeni akilala, viatu vyake vinaoshwa asubuhi kabla hajatoka nje. Mama ndivyo alivyotulea. Mgeni haondoki na tope la uani kwetu miguuni. Kazi hiyo ni yangu tangu nikiwa mdogo, na mimi naipenda, kwa sababu unamfanyia mtu jambo zuri bila kulazimika kuzungumza naye. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba gari nalo ni mgeni.

Nilitoka kulipopambazuka. Ndama wawili walikuwa wametoka zizini na walikuwa wanalamba kioo cha mbele. Sijui walipenda nini pale, vumbi au wadudu waliogandia. Niliwafukuza. Mate yao yalikuwa yameanza kukauka, yameacha michirizi myeupe kioo kizima. Nilimwagia maji na kufuta kwa kitambaa. Michirizi ikabaki. Nikaweka sabuni. Ikapungua, lakini haikwisha. Kaka alikuwa bado amelala, na mimi nilitaka aamke akute kioo kinang'aa.

Kioo ninachokijua mimi ni cha taa ya chemli. Hicho nakisafisha kwa majivu. Unalowesha kitambaa kidogo, unachovya kwenye majivu, unazungusha taratibu, masizi yote yanatoka. Sijawahi kukwaruza hata kimoja. Basi nikaingia jikoni nikachota majivu. Ila majivu ya taa mama huyachekecha kwanza kwa kipande cha khanga kuukuu. Mimi asubuhi ile nilichota moja kwa moja pembeni mwa mafiga, na siku mbili kabla tulikuwa tumekandika sakafu ya jiko upya, kwa udongo wa kule bondeni wenye changarawe ndogondogo. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilisugua kioo kizima kwa mizunguko midogo, kwa moyo wote, mpaka michirizi ya ndama ikaisha.

Kaka alipotoka aliliangalia gari akacheka.

"Leo utanipatia mke kabla wewe hujaolewa," akasema. "Gari inawaka namna hii?"

Nilifurahi sana. Jua lilikuwa bado nyuma ya nyumba.

Tuliporudi kutoka kanisani jua lilikuwa juu. Nilipita mbele ya gari nimebeba kuni, na mwanga ukapiga kioo kwa pembeni. Niliona vitu kama nywele. Nywele nyingi nyembamba, zimejikunja, zimelala moja juu ya nyingine. Niliweka kuni chini, nikalamba kidole nikapaka. Penye mate zikapotea. Mate yalipokauka zikarudi. Nilisimama pale mpaka mama akaniita mara mbili. Nilijua nimefanya nini, na sikumwambia mtu.

Saa nane na nusu kaka aliniambia nipande. Mama alikuwa amenipa debe la ulezi nimpelekee mteja wake Tarime mjini, nilale kwa shangazi, nirudi kesho. Nyuma alipanda mzee mmoja wa kijijini kwetu na mke wake, wanakwenda kumwona binti yao aliyejifungua. Mimi nilikaa mbele, karibu na kaka. Ningeweza kusema pale, kabla hatujaondoka. Nilifungua mdomo, mzee akaanza kuuliza habari za bei ya ng'ombe mnadani, nikaufunga.

Mwanzo wa safari hakukuwa na shida. Barabara inapita kwenye mashamba ya migomba na mahindi, na jua lilikuwa bado juu. Lakini kutoka kwetu kwenda mjini unaelekea magharibi, na kadiri tulivyokwenda jua lilishuka mbele yetu. Tulipopanda kilima kimoja na kukata kona, kioo chote kikawa cheupe. Ni kama mtu alitumwagia maziwa. Sikuona barabara. Kaka naye hakuona, kwa sababu nilimsikia akivuta pumzi. Alikanyaga breki. Gari liliteleza kidogo kwenye kokoto likasimama, na mbele yetu, karibu kiasi cha kumgusa, alikuwa amesimama dume la ng'ombe, na nyuma yake mama mwenye fimbo.

"We dereva!" yule mama alipiga kelele. "Umelala? Au hujawahi kuona ng'ombe?"

Kaka alitoa mkono dirishani. "Samahani mama. Jua."

"Jua lipo kila siku!" alijibu, akamswaga dume wake pembeni.

Kaka alishuka. Alisimama mbele ya gari, akapitisha kidole kwenye kioo, akainama, akatazama kwa pembeni. Mzee aliyekaa nyuma akatoa kichwa nje.

"Mura, jana nilipanda hii gari kutoka mjini," akasema, akimwita mura, yaani kijana kwa lugha ya kwetu. "Kioo kilikuwa kizima. Au ulikuwa unakinyoa usiku?"

Mke wake akacheka mpaka akakohoa. Kaka hakucheka. Alirudi kukaa, akashika usukani kwa mikono miwili bila kuwasha.

"Ni hizi waipa," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Zimeshika mchanga. Zimenimaliza."

Nilitazama miguu yangu. Nawaambieni kweli, nilihesabu moja mpaka kumi, nikajiambia nikifika kumi nitasema. Nilifika kumi, nikaanza tena.

Alitembeza gari polepole, kichwa kimetoka nje dirishani ili aone njia. Kila gari lililokuja mbele alisimama kulipisha. Tuliingia mjini saa kumi kamili. Alimshusha mzee na mke wake, akapeleka debe la ulezi kwa mteja mbio mbio, kisha badala ya kunipeleka kwa shangazi akageuza gari kuelekea kwa fundi vioo, kijana aliyesoma naye, mwenye kibanda nyuma ya sheli.

Fundi alikuwa anafunga. Kaka alimsihi.

"Saa kumi na mbili gari iwe imerudi. Tafadhali, mura. Unamjua mwenye gari alivyo."

"Namjua. Alinichoma sindano utotoni, mpaka leo namkwepa barabarani," fundi akasema. Akaweka kufuli chini, akaja kutazama.

Alimwaga maji kwenye kioo, akafuta, akaanza kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mikwaruzo, mmoja mmoja.

"Sikiliza," akamwambia kaka. "Ukucha ukipita bila kukwama, huo mkwaruzo ni wa juu juu, unatoka. Ukucha ukikwama, umeshaingia ndani. Huo ukiulazimisha unaharibu kioo. Hapa mwingi ni wa juu. Una bahati."

"Ni waipa," kaka akasema.

Fundi akatikisa kichwa. "Waipa inachora upinde. Tangu huku mpaka huku, kama panga linavyofyeka. Angalia hizi. Viduara. Tena vimefika mpaka kona za juu ambako waipa haifiki. Huu ni mkono wa mtu. Mtu amesugua kioo chako na kitu kibaya."

Kaka aligeuka. Hakunikasirikia kwa uso, alinitazama tu, na nikaona anakumbuka nani aliyeamka mapema.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Ni mimi, kaka. Nilisugua na majivu."

"Majivu!" fundi akasema. "Dada, hii gari au sufuria?"

"Ulijua tangu lini?" kaka akaniuliza.

"Tulipotoka kanisani."

"Na kule kilimani ulikuwa unajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Aliangalia pembeni, upande wa sheli, taya zake zikitembea. Heri angenipiga kofi, ingekuwa imeisha. Badala yake alivua shati, akabaki na fulana, akamwambia fundi, "Tuanze."

Fundi alibandika utepe wa karatasi kwenye raba za pembeni ili unga usiingie, kisha akakaa ndani ya gari akazungushia kalamu, kwa upande wa ndani, sehemu zilizoharibika zaidi. Alitoa kopo la unga wa rangi ya waridi iliyopauka, laini kama poda ya mtoto, ambao alisema anaagiza Mwanza. Nilimuuliza kama dawa ya meno haifai, maana nimewahi kuwasikia watu stendi wakisema. Ndiyo swali pekee nililouliza.

"Dawa ya meno inaondoa mikwaruzo ya kwenye maneno," akanijibu, akakoroga unga na maji mpaka ukawa mzito kama uji wa mgonjwa.

Alikuwa na drili yenye kitambaa kizito kilichofungwa mbele. Alianza upande wa dereva, usawa wa macho. Alikuwa anazungusha na kuhama, anazungusha na kuhama. Mimi nilipewa chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko, nimwagie kidogo kidogo kioo kisipate joto. "Kikikauka kinachemka, kikichemka kinapasuka," alisema. "Na hapo hata mimi sitakujua." Nilimwaga maji huku naangalia kioo kama mtu anayeangalia maziwa yasimwagike jikoni. Baada ya muda alifuta. Ile sehemu ilikuwa safi. Viduara havikuwepo. Kaka aliinama pembeni, akatazama kwa mwanga, akasema, "Endelea."

Saa kumi na moja kasorobo umeme ukakatika. Drili ikanyamaza.

Fundi alicheka, cheko la mtu aliyezoea. Kaka hakucheka. Alichukua kipande cha kitambaa, akachovya kwenye ule uji, akaanza kusugua kwa mkono. Mimi nikachukua kingine. Fundi akatuelekeza tusikandamize, tusikae sehemu moja, tuhame hame. Kwa mashine ni dakika chache, kwa mkono ni kazi ya kung'oa bega. Tulisugua watu watatu. Mkono wangu ukifika karibu na mkono wa kaka anausogeza wake. Kila mara alikuwa anatazama simu aone saa.

Ilipofika kumi na moja na nusu upande wa dereva ulikuwa umetakata wote. Katikati palibaki ukungu kidogo ambao ungeuona tu ukiutafuta. Lakini upande wa abiria, chini, ilibaki mistari miwili ambayo ukucha ulikwama. Nadhani pale lilipita jiwe lenyewe. Nilianza kuikandamiza kwa nguvu, fundi akanishika mkono.

"Hiyo iache. Hapo mwambieni mwenye gari."

Kaka akaniambia nisogee. Alichukua stika kwenye ukuta wa kibanda, kati ya zile fundi anazowauzia madereva, yenye maandishi mekundu, Mungu Ni Mwema, akaimenya, akaibandika juu ya ile mistari miwili. Ilifunika sawasawa. Fundi alimtazama, akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Hela sitaki, utanibeba bure siku moja," ndicho alichosema.

Tulifika kwa yule mama saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nyumba yake ina ukuta mfupi na maua ya makopo. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, miwani imening'inia shingoni. Tulimsalimia shikamoo. Akaitikia, akaamka, akavaa miwani, akaanza kulizunguka gari. Alipapasa matairi. Alifungua buti. Alikagua taa ya nyuma kwa muda mrefu. Kisha akaja mbele.

"Na hii?" akauliza.

"Stika mama," kaka akasema. "Abiria wanapenda."

"Gari yangu haiimbi kwaya. Nani alikuambia ubandike?"

Yule mama akaingiza ukucha kwenye kona ya stika, akaanza kuibandua taratibu, kama anavyobandua plasta kwenye kidonda ili isivute ngozi. Mimi niliona kona ikinyanyuka. Nilifikiria kaka akiwa na ndoo stendi. Nilifikiria pia kwamba stika ikishatoka, chochote nitakachosema kitakuwa cha mtu aliyekamatwa.

"Mama, usiibandue," nikasema.

Akasimamisha mkono. Naamini hakuwa amegundua kwamba nina sauti.

"Chini yake kuna mikwaruzo miwili. Niliikwaruza mimi, leo asubuhi. Ndama walikuwa wamelamba kioo, nikasugua na majivu ya jikoni, yalikuwa na changarawe. Kaka alikuwa amelala. Kioo chote kiliharibika, tumekisugua kwa fundi tangu saa kumi. Hiyo miwili imekataa." Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama tairi.

"Majivu," yule mama akasema. "Kama chungu?"

"Kama kioo cha taa."

Alimgeukia kaka. "Na stika aliweka nani?"

"Mimi," kaka akasema.

"Yeye ana makosa ya kutojua. Wewe?"

Yule mama akamalizia kubandua stika, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa gauni. Akapitisha ukucha kwenye mistari. Kisha akafungua mlango wa mbele akakaa upande wa abiria.

"Washa," akamwambia kaka. "Nipeleke jua linakozama. Binti, kaa nyuma."

Tuliendesha barabara ya lami kuelekea magharibi, jua likiwa chini kabisa, jekundu, limekaa katikati ya kioo. Upande wa kaka barabara ilionekana vizuri, bodaboda, watu, mbuzi, kila kitu. Upande wa yule mama ile mistari miwili iliwaka. Alikuwa anasogeza kichwa kushoto na kulia, anaitazama. Alimwambia kaka asimame, wabadilishane viti. Akaendesha mwenyewe mpaka jua lilipojificha nyuma ya vilima, akageuza, akaturudisha kwake.

Alizima injini, akachomoa ufunguo, akaushika mkononi.

"Kioo kinafaa," akasema. "Mtu hatauawa kwa kioo hiki. Kesho asubuhi saa kumi na mbili uje uchukue gari ufanye kazi." Kaka alitaka kushukuru, yule mama akanyanyua kiganja kumzuia. "Sijamaliza. Halitalala tena kwenu. Litalala hapa, kila siku, na kila jioni utanionyesha kioo hiki na kuniambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kipya kilichotokea na kisichotokea. Ukibandika kitu tena, usije hata kusalimia."

Kutoka Itiryo mtu hawezi kufika Tarime saa kumi na mbili asubuhi kila siku na kurudi usiku bila gari. Sote watatu tulilijua hilo. Usiku ule kaka alilala kwa shangazi pamoja nami, na wiki hiyo akapanga chumba mjini. Ni chumba kimoja, na choo wanatumia watu wengi. Nyumbani tumebaki mama na mimi.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu majivu niliyachota wapi, nikamwonyesha, akaenda kufanya kazi zake. Kaka huja Jumapili moja moja, kwa bodaboda. Tunazungumza. Mara ya kwanza alikaa mbali kidogo nami, mara ya pili aliniambia habari za abiria mlevi aliyepanda na jogoo, akacheka, nami nikacheka. Lakini bado hatujazungumza kuhusu kule kilimani, dume lilipokuwa mbele yetu na mimi nahesabu mpaka kumi. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko kioo. Nataka nimwombe msamaha kwa hilo peke yake, na sijapata namna ya kuanza. Nimejaribu mara mbili, akafika mtu.

Ninyi mnaosoma, kama mwandiko umesomeka, naomba mniandikie. Niambieni kama yupo anayejua namna ya kuondoa mkwaruzo unaokwamisha ukucha, nimpelekee kaka habari hiyo. Na kama yupo aliyewahi kukaa kimya wakati mwenzake anaendesha bila kuona njia, anieleze alianzaje kusema. Andikeni hata mistari michache. Nitaisoma polepole, na nitajibu.